Mahali pa Maikrofoni

Mnamo mwezi wa Aprili 1902, katika chumba cha hoteli ya fahari mjini Milan, fundi wa Kimarekani aliyeitwa Fred Gaisberg, mjumbe wa kampuni ya Gramophone ya London, alimsimamisha kijana Enrico Caruso mbele ya pembe ya kunasia sauti, na Caruso, ambaye sifa zake zilikuwa zimekwisha anza kuenea nchini Italia, akaimba nyimbo kumi kwa ujira wa pauni 100. Hapakuwa na maikrofoni chumbani mle, wala waya wa umeme. Pembe ilikusanya sauti ya mwimbaji na kuisukuma juu ya kiwambo chembamba, kiwambo kikaitikisa sindano, na sindano ikachora mfuo katika bapa la nta. Nguvu yote iliyofanya kazi hiyo ilitoka katika kifua cha mtu. Kabla ya mwaka kwisha Gaisberg alikuwa amefika Calcutta, na pembe ya namna ile ile ikamwelekea Gauhar Jaan, mwimbaji aliyetukuzwa katika mabaraza ya wakubwa wa Bara Hindi.

Kwa kuwa fundi wa zama zile hakuwa na kifungo cha kupunguza sauti wala cha kuiongeza, jambo pekee lililobaki katika mamlaka yake ni kuwapanga watu. Mwimbaji alikaribishwa mpaka mdomo wake ukawa karibu kuingia pembeni, na alipofika penye sauti ya juu, yenye nguvu za kuirusha sindano nje ya mfuo wake, ilimbidi arudi nyuma, au fundi amvute kwa mkono, kisha amsukume tena mbele wimbo unaposhuka. Piano ilipandishwa juu ya jukwaa ili tumbo lake lilingane na pembe. Wapiga matarumbeta waliwekwa mbali, na wapiga fidla wakasongamana mbele bega kwa bega hata upinde wa mmoja ukakosa nafasi. Na kwa kuwa fidla ya kawaida ilikuwa dhaifu mno kuweza kuitikisa sindano, Augustus Stroh alipata hataza mwaka 1899 ya fidla isiyo na tumbo, bali yenye kiwambo na pembe yake ya madini, ambayo kwa miaka ishirini na zaidi ilitumika badala ya fidla ya mti katika vyumba vya kunasia. Fidla kubwa ya besi aghalabu iliondolewa kabisa, na sauti zake akapewa mpiga tuba. Ndiyo kusema kwamba muziki ulibadilishwa vyombo vyake, na wapigaji wakabadilishwa makao yao, ili chombo cha kunasia kiridhike.

Suala la mahali, basi, lilitangulia kuzaliwa kuliko maikrofoni ya kunasia santuri. Lakini ni maikrofoni iliyolifanya kuwa suala la ustadi badala ya suala la dharura, na mwenye kutaka kuifahamu historia yake hana budi kwanza kufahamu jinsi ala inavyotoa sauti.

Ala haitoi sauti yake yote mahali pamoja, wala haiitupi pande zote kwa kipimo kimoja. Fidla hueneza sauti zake nene kila upande, lakini zile nyembamba, ambazo ndizo zinazoipa makali na uhai, hutoka zaidi kwa uso wa ubao wake wa juu. Kwa hiyo aliyeketi nyuma ya mpigaji husikia fidla iliyofifia, ilhali aliyeiinamia husikia hata mkwaruzo wa upinde. Udi una tumbo la ubao mwembamba na matundu yaliyotiwa nakshi: maikrofoni ikikabili tundu kubwa kwa karibu, hewa iliyomo tumboni huvuma kwa uzito hata ikazimeza nyuzi, na ikisogezwa kuelekea pale shingo inapokutana na kifua, mvumo hupungua na mguso wa risha hudhihiri. Kanuni, pamoja na nyuzi zake sabini na ushei zilizofungwa tatu tatu, ina sehemu mbili za tabia mbalimbali, kwani daraja lake huegemea ngozi iliyowambwa upande wa kulia, na sauti inayotoka juu ya ngozi hiyo ni kali na yenye kupasua kuliko ile itokayo juu ya ubao. Nai nayo husikika kwa pande mbili, penye midomo ya mpulizaji na penye tundu lililo wazi, na anayeinasa kwa kuisogelea midomo hupata pumzi nyingi na naghama chache.

Fauka ya hayo upo umbali. Sauti itokayo katika ala hutawanyika na kupungua kama nuru ya taa: masafa yakiongezeka mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo yake. Mvumo wa chumba haupungui hivyo, kwa sababu kuta na dari huurudisha kutoka kila upande na kuueneza karibu sawa kila pembe. Kwa ajili hiyo katika kila chumba yapo masafa ambapo sauti ya ala na mvumo wa chumba hulingana nguvu. Ndani ya masafa hayo ala hutawala, na nje yake chumba ndicho kinachosema. Hatua mbili tatu za fundi zaweza kumhamisha msikilizaji kutoka pajani mwa mpigaji hadi mlangoni mwa ukumbi. Na maikrofoni zikiwa mbili, huzuka jambo la tatu. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, na maikrofoni iliyo mbali zaidi ya mwenzake kwa sentimita 34 huipokea baada ya sehemu moja katika elfu ya sekunde. Zikichanganywa katika waya mmoja, mawimbi ya mitetemo 500 kwa sekunde hukutana moja likipanda na jingine likishuka, yakajifuta, na yale ya 1500 hali kadhalika, na ya 2500, hata ala iliyokuwa kamili chumbani ikatoka katika santuri imetobolewa tobolewa. Mafundi wengi waliotia maikrofoni nyingi kwa kudhani kwamba wingi ni heri wamelipa kwa njia hii bila kujua walicholipia.

Maikrofoni iliyofaa kwa kazi ya santuri ilitengenezwa na E. C. Wente wa kampuni ya Western Electric nchini Marekani mwaka 1916, naye aliitengeneza kwa ajili ya uchunguzi wa simu, si kwa ajili ya muziki. Ilikuwa mpaka 1925 ndipo kampuni za Victor na Columbia zilipoanza kunasa kwa umeme. Pembe ilikuwa haiwezi kupokea vizuri zaidi ya mitetemo 2000 na kitu kwa sekunde. Mtambo mpya ulifika karibu 5000, na kwa upande wa chini ukaipokea besi ambayo pembe haikuijua. Mwezi wa Machi mwaka huo Columbia ilitundika maikrofoni katika jumba la opera la Metropolitan, mjini New York, ikanasa kwaya ya mamia ya wanaume pamoja na hadhira iliyowaitikia, na mwezi uliofuata Leopold Stokowski na okestra yake ya Philadelphia wakainasia Victor muziki wa Saint-Saëns, Danse macabre. Zile sauti za Metropolitan ndizo ninazoziona kuwa na maana kubwa zaidi. Kwa mara ya kwanza aliyenunua santuri alisikia ukubwa wa jumba. Na mara tu jumba liliposikika, ikawa lazima fundi aamue msikilizaji wake ameketi kiti gani ndani yake.

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Machi 1928, Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari kwenda Bombay pamoja na wenziwe, Maalim Shaaban, Subeti bin Ambari, Mbaruku na Buda bin Mwendo, kuimba kwa kampuni ya His Master's Voice. Habari za safari ile zimeandikwa mara nyingi, na Shaaban Robert amemwekea bibi huyu wasifu ambao kila msomaji wa Kiswahili anaujua. Lakini ipo bahati moja ya safari ile ambayo haitajwi. Lau wangalikwenda miaka minne kabla, wangaliikuta pembe. Udi, ambao ni mpole kuliko fidla, ungalizama; ngoma ingalisogezwa mbali au ingalinyamazishwa; na Siti mwenyewe, ambaye mapambo ya sauti yake yalikuwa katika migeuko midogo midogo, asingaliweza kugeuza kitu mbele ya chombo kilichodai nguvu tu. Alifika umeme ukiwa umekwisha kushika kazi, naye akanufaika nao.

Hata hivyo maikrofoni ile haikuwa na huruma nyingi. Desturi ya zama zile ilikuwa maikrofoni moja, na sauti ikikwisha kuingia katika nta hapakuwa na njia ya kuipunguza fidla iliyozidi au kuupandisha udi uliozama. Mizani yote ilipangwa kwa miguu ya watu, nani aketi mbele na nani nyuma, na kila wimbo ukalazimika kumalizika katika dakika tatu au zaidi kidogo, kwani bapa lilikuwa na mwisho wake. Santuri zilizobaki zinaonyesha uamuzi uliofanywa: sauti ya Siti iko mbele kabisa, na takhti, yaani kundi la wapigaji wake, iko nyuma yake kwa adabu. Uamuzi huo ulisadifu. Takhti ya pwani ina mbele yake, mwimbaji huwakabili watu na wapigaji humzunguka kwa upande wa nyuma na ubavuni, na maneno ya wimbo ndiyo yanayotazamiwa na wasikilizaji. Maikrofoni ikikaa mahali pa mgeni wa heshima, haikosei. Watu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam ambao katika mikusanyiko walimsikia Siti juu ya vichwa vya watu wengine sasa wakamsikia kwa ukaribu ambao hapo kabla ulikuwa wa wachache, na mauzo ya santuri zake yalifikia makumi ya maelfu katika muda wa miaka michache tu.

Wakati huo huo, mjini London, mhandisi kijana wa kampuni ya EMI alikuwa akitafakari jambo ambalo maikrofoni moja haikuweza kulitenda kamwe. Alan Blumlein, inasimuliwa, alikuwa ameketi na mkewe katika jumba la senema, akakereka kwamba mchezaji aliyekuwa upande mmoja wa kitambaa alisikika akisema kutoka upande mwingine, akamwambia mkewe kwamba amepata njia ya kuifanya sauti imfuate mtu. Mwezi wa Desemba 1931 aliwasilisha ombi la hataza, na ndani yake mna karibu kila jambo lililokuja kuitwa baadaye stirio. Mtu hutambua upande wa sauti kwa sababu ana masikio mawili, nayo hupokea sauti moja kwa tofauti ndogo ya wakati na ya nguvu. Na Blumlein aligundua kwamba maikrofoni mbili zilizowekwa mahali pamoja, moja juu ya nyingine, kila moja ikipokea mbele na nyuma na kuziba masikio kwa ubavuni, zikigeuzwa moja kuelekea kushoto na moja kulia kwa pembe mraba baina yao, hutoa tofauti ya nguvu itakayozaa upya, kwa vipaza sauti viwili, mahali pa kila mpigaji. Kwa kuwa zimekaa mahali pamoja, sauti huzifikia kwa wakati mmoja, na ule mtobo nilioueleza hauzuki. Mwezi wa Januari 1934, katika studio ya Abbey Road ambayo ilikuwa imefunguliwa miaka michache tu kabla, alinasa hivyo Sir Thomas Beecham na okestra yake wakijifunza simfoni ya Mozart iitwayo Jupiter. Ni sauti yenye vumbi, lakini ala ziko kushoto na kulia, na katikati kuna nafasi yenye kina ambamo mtu aweza kuelekeza sikio.

EMI haikuona biashara katika jambo hilo, na santuri za namna ile hazikuuzwa. Blumlein aligeuzwa kazi nyingine, na mwezi wa Juni 1942, akiwa na umri wa miaka 38, alikufa katika ndege iliyoanguka walipokuwa wakijaribu mtambo wa rada wa vita. Nauona msiba huo kuwa wa muziki pia. Mtu aliyelifahamu suala la mahali kuliko wote wa zama zake hakuishi kuona mafundi wengine wakilitatua kwa majaribio ya miaka ishirini.

Majaribio hayo yalipamba moto baada ya vita, utepe wa sumaku ulipokuja na santuri za muda mrefu zikafuata. Mwezi wa Aprili 1951, Robert Fine wa kampuni ya Mercury aliingia Orchestra Hall ya Chicago, akatundika maikrofoni moja ya Kijerumani kiasi cha futi 25 juu ya kichwa cha mwongozaji, Rafael Kubelik, wala hakuongeza nyingine. Kazi ya kusawazisha ala aliiacha mikononi mwa Kubelik, aliyekuwa na haki nayo. Fundi alichofanya ni kutafuta mahali, kisha kutulia. Mhakiki wa New York Times, Howard Taubman, aliposikia santuri ile aliandika kwamba ni kana kwamba mtu yuko mbele ya okestra iliyo hai, na Mercury wakalichukua neno lake wakalifanya jina la mfululizo wa santuri zao. Ilipokuja stirio, Fine akatundika maikrofoni tatu, kushoto, katikati na kulia, akakataa kuzidisha.

Kampuni ya Decca ya Uingereza ilishika njia nyingine. Mwaka 1954, wakiwa na Ernest Ansermet katika Victoria Hall ya Geneva, na chini ya uongozi wa Arthur Haddy, fundi Roy Wallace aliunganisha vyuma vikabeba maikrofoni tatu juu ya kichwa cha mwongozaji, na inasimuliwa kwamba Haddy alipouona mtambo ule alisema wafanana na mti wa Krismasi. Jina la mti likabaki nao. Mti wa Decca, ulipokwisha kutulia umbo, ulikuwa na maikrofoni mbili zilizoachana kiasi cha mita mbili, na ya tatu imetangulia mbele kama mita moja na nusu, zote zikiwa juu kupita mita tatu, na maikrofoni waliyoichagua ilikuwa M50 ya Neumann, ambayo kiwambo chake kimekaa katika uso wa tufe dogo, nayo hupokea besi kutoka kila upande lakini huzichagua sauti nyembamba za mbele. Nafasi hizo kubwa baina ya maikrofoni ni kinyume cha fikra ya Blumlein, kwa kuwa sauti huzifikia kwa nyakati mbalimbali. Lakini tofauti hizo za wakati ndizo zilizozipa santuri za Decca upana na ule mng'ao wa hewa ambao wapenzi wa muziki wa Ulaya wameutafuta hadi leo. Kenneth Wilkinson aliufanyia kazi mti ule kwa miaka mingi katika Kingsway Hall ya London, ukumbi uliopendwa kwa mvumo wake mtukufu, ingawa reli ya chini ya ardhi ilipita karibu na misingi yake. Na kwa kuwa maikrofoni zilizoachwa wazi husikia vyote vilivyomo, mngurumo wa magari ya moshi umo katika santuri kadhaa zilizonaswa humo.

Sitakaa sana juu ya yaliyofuata huko, yaani kuisogelea kila ala kwa maikrofoni yake na kupanga mizani baada ya wapigaji kwenda zao. Njia hiyo ina watetezi wake wenye hoja. Mpiga piano Glenn Gould alipenda piano yake inaswe kwa karibu, ili kila uzi wa muziki usikike peke yake, na kwa muziki wa Bach alikuwa na haki. Lakini ala iliyosogelewa hivyo haina chumba, na maikrofoni zenye kupokea upande mmoja huongeza besi kadiri zinavyosogezwa, hata gitaa dogo likatoka na kifua kisicho chake.

Rai yangu ni hii: Fine, Wallace na Blumlein, pamoja na khitilafu zao, walikubaliana juu ya jambo moja bila kulisema, nalo ni kwamba muziki una mbele. Okestra ya Ulaya hukabili ukumbi, na kiti bora kipo, ni kujua tu kiko wapi. Maikrofoni ilikua ndani ya dhana hiyo, na iliposafirishwa kwenda penginepo ilisafiri nayo.

Mwaka 1950, na tena mwaka 1952, Hugh Tracey alifika Mengo, makao makuu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903, akahamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kwenda kulima, akajifunza nyimbo kwa watu waliofanya kazi shambani pamoja naye, na tangu hapo hakuacha. Mwaka 1954 alianzisha huko Afrika ya Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, na santuri zake zimepita mia mbili. Katika ua wa Kabaka alikuta muziki usio na mbele. Amadinda ni marimba ya vipande kumi na viwili vya mti vilivyolazwa juu ya migomba miwili. Mpigaji wa kwanza, omunazi, huketi upande mmoja. Wa pili, omwawuzi, huketi upande wa pili akimkabili, naye hutia mapigo yake katika nafasi zilizoachwa na mwenziwe, wote wakipiga vipande vile vile, kila mmoja ncha ya upande wake. Na wa tatu, omukoonezi, hukaa penye vipande viwili vidogo kabisa na kurudia juu sauti zinazopigwa chini. Akadinda ni kubwa zaidi na ina wapigaji wengi zaidi. Entenga ni ngoma kumi na tano, kumi na mbili kati yake zikiwa zimelinganishwa sauti hata zikapiga lahani, nazo hupigwa na watu sita. Katika yote hayo wapigaji hukabiliana wao kwa wao. Haukuwekwa upande wa hadhira.

Tracey hakuisimamisha maikrofoni yake juu ya nguzo. Aliishika mkononi, kwa waya mmoja wa mono, akatembea nayo: akaikaribia ala hii, akajitenga, akaigeukia nyingine, akiusikiliza muziki kwa masikio yake na kuufuata kwa mkono. Kwa fundi wa Abbey Road hiyo ingalikuwa kufuru. Mimi naiona kuwa jibu la mtu mwenye akili aliyekuta mahali pasipo na kiti, akaamua kutoketi. Bila mkono ule unaotembea, mono ingaliukusanya ua wa Kabaka katika tonge moja la mlio. Kwa mkono ule, msikilizaji hujulishwa kwamba kuna watu kadhaa, na kwamba kila mmoja ana kazi yake. Katika ngoma za mfalme wa Rwanda, alizozinasa Nyanza mwaka 1952, faida ya njia hii haina shaka, kwani kila ngoma ina cheo chake na sauti yake, na ukaribu huzitenganisha.

Lakini kwa amadinda faida hiyo ina gharama, na aliyeidhihirisha ni Gerhard Kubik, Mwaustria aliyekuja Uganda akajifunza kwa Evaristo Muyinda, mpiga muziki wa Kabaka, akaandika aliyojifunza mwaka 1960. Alionyesha kwamba mapigo ya omunazi na omwawuzi yakiingiliana kwa mwendo wa kasi, sikio la msikilizaji haliyafuati yalivyopigwa; huziunga sauti za juu na za juu, za chini na za chini, na hapo huzuka lahani ambazo hakuna mkono hata mmoja uliozipiga, nazo ndizo zinazokumbusha maneno ya wimbo. Lahani hizo zinamhitaji msikilizaji awe mahali ambapo mapigo yote yanamfikia kwa nguvu iliyolingana. Akiisogelea ncha ya vipande vidogo, omukoonezi humtawala. Akiuegemea upande wa omwawuzi, gongo la omwawuzi humfikia kwa ukali na la mwenziwe kwa ulaini, na ule muungano hulegea. Akiinama juu ya vipande, husikia mbao zikigongwa. Kwa hiyo maikrofoni ya Tracey inapokaribia ili kumwonyesha mpigaji, huficha kwa kitambo kile muziki wenyewe, na inapojitenga huurudisha. Anayesikiliza santuri za Mengo kwa uangalifu aweza kulisikia jambo hili likitokea ndani ya wimbo mmoja.

Simha Arom, ambaye alifika Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 1963, alikutana na mashaka hayo hayo katika umbo kali zaidi. Pembe za Wabanda-Linda hupigwa kumi na nane pamoja, na kila pembe ina sauti moja tu. Mpigaji hana wimbo, ana zamu. Hakuna mahali pa kuweka maikrofoni patakapomfichulia mchunguzi zamu kumi na nane bila kuuvunja muziki. Arom aliacha kutafuta mahali. Alinasa kundi zima kwanza, kisha akamwita mpigaji mmoja, akamvika visikizio vya masikioni, akamnasa peke yake akipiga zamu yake huku akisikiliza kundi. Halafu akamwita wa pili amsikilize wa kwanza, na kuendelea hivyo mpaka mfumo wote ukawa wazi mbele yake. Kwa elimu ni njia bora kuliko zote nizijuazo. Walakini zao lake si santuri ya kusikilizwa na mtu aliyetaka kuwapo pale pembe zikilia.

Siku ya tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Uganda liliushambulia ua wa Kabaka wa Mengo, Kabaka akakimbilia ng'ambo, na wapigaji wa amadinda, akadinda na entenga wa ua ule wakatawanyika. Sauti ya muziki ule kama ulivyopigwa mbele ya Kabaka imebaki katika tepe za wachache, miongoni mwao Tracey, na Klaus Wachsmann aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Uganda katika miaka ile ya 1950. Nakala za tepe za Wachsmann zilirudishwa nchini mwaka 2009, zikawekwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, ambako vijana wa Kiganda wanaojifunza ala hizo huweza kuzisikiliza. Wanapotaka kujua mapigo ya entenga yalikuwaje, kila sauti wanayoipata ina nguvu au unyonge kwa kadiri ya hatua zilizokuwapo baina ya ngoma ile na maikrofoni siku ile. Na penye ngoma iliyokuwa mbali, humtafuta mzee anayekumbuka.